Muhuri wa nukta nane



Juma hili tunawaletea habari ya kwetu wenyewe, na si habari ya kujisifu. Tulimkosea mwenzetu mbele ya watu, na mwanzo wake ulikuwa mchezo wa watoto ambao hatukuutazama. Tumekubaliana kuiandika ili kikundi kingine kisianguke mahali tulipoanguka sisi. Mwenzetu ameturuhusu, ila jina lake hatulitaji. Tutamwita mama wa makala, kwa sababu kuuza makala ndiyo kazi yake hapa Bukavu.

Habari inaanza na balo. Mmoja wetu anauza nguo za chagua kule soko ya Kadutu. Siku moja alifungua balo la vitu vya watoto, na chini kabisa akakuta mfuko wa matofali madogo ya plastiki, yale ya kushikamanisha. Tuliyahesabu: 31. Nyekundu, ya njano, ya buluu, meupe yaliyokwisha kuwa kama meno ya mvuta tumbaku. Hakuna gurudumu, hakuna mlango, hakuna mtu mdogo wa kukaa ndani ya nyumba. Mteja gani angeyanunua? Akayaleta kwenye kikao chetu cha siku ya posho ili watoto wapate cha kushika na watuache tuhesabu pesa kwa amani.

Matofali haya wengi wenu mnayajua. Yale yenye jina la LEGO yanatoka Denmark, katika mji wa Billund, na jina lenyewe limetokana na maneno mawili ya kwao yenye maana ya «cheza vizuri». Kampuni iliandikisha namna yake ya kushikana mwaka 1958, na tofali la wakati ule bado linashikana na la leo. Ndiyo maana matofali yetu, yaliyotoka nani ajuaye katika nyumba ngapi za Ulaya, yalishikana bila shida. Lakini matofali 31 hayajengi kitu. Watoto walijenga ukuta mmoja, ukaishia kwenye magoti ya mbuzi, wakachoka.

Sasa muelewe kikao chetu. Sisi ni AVEC kama zenu. Njia hii ya kuweka akiba ilianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, na leo kwetu huku karibu kila avenyu ina yake. Tunakaa kwenye mkeka, sanduku katikati, kufuli tatu, funguo kwa wamama watatu. Kila mmoja ananunua hisa, kuanzia moja mpaka tano. Hisa yetu ni franka 2000. Mama mwandishi anapiga muhuri wa nyota katika kitabu cha akiba, nyota moja kwa kila hisa. Viboksi vinavyobaki vitupu anavikata kwa biki, ili mtu asije kuongeza baadaye. Wale kati yetu wasiojua kusoma wanajua kuhesabu nyota zao, na hilo linawatosha kulala usingizi.

Watoto wanaona haya yote kila juma. Tunawaambia: «Msikaribie. Msiguse.» Wanaona mama anatoa pesa aliyoifunga kwenye kitenge, wanaona muhuri unaanguka, pa, wanaona mama anatabasamu. Kwa macho ya mtoto, kitu kikubwa katika kikao kile si pesa. Ni ule muhuri.

Siku moja baada ya mvua, msichana mmoja alikandamiza tofali kwenye udongo wa parseli. Alipoliinua, nukta nane zilikuwa zimebaki chini, zimepangwa mbili mbili, nzuri kabisa. Akageuza tofali, akakandamiza upande wa chini. Safari hii kikatoka kisanduku chenye viduara vitatu ndani. Kumbe tofali moja lina mihuri miwili! Juma lililofuata watoto walikuwa na AVEC yao chini ya mwembe. Vitabu vyao vilikuwa majani ya ndizi, wino wao ulikuwa tope. Mmoja alikuwa mwandishi, mwingine prezidenti, na prezidenti yule alikuwa mkali kuliko wa kwetu. Tulicheka mpaka machozi. Kisha tukaona tope kwenye ukuta uliopakwa chokaa, tukaacha kucheka, tukawafukuza wote.

Hapo ndipo tulipoanza kukosea. Tuliwakataza kucheza na tope, lakini hatukuwapa kitu kingine mahali pake. Matofali yalibaki mikononi mwao. Na kwenye mkeka wetu kulikuwa na wino wa kweli, wa buluu, ndani ya kibati kilicho wazi.

Siku ya posho iliyofuata mama wa makala alikuja amechelewa. Juma lile mvua ilikuwa imelowesha magunia yake, na makala yenye maji nani atayanunua? Alinunua hisa moja. Mmoja wetu akasema kwa sauti: «Leo moja tu?» Hakusema kwa ubaya, lakini sote tulisikia, na watoto pia. Mama mwandishi akapiga nyota moja, akakata viboksi vinne. Kisha yakaja mabishano juu ya mkopo wa mwingine. Tulibishana kwa muda mrefu. Vitabu vilikuwa vimetandazwa kwenye mkeka, wino uko wazi, na hakuna aliyeangalia. Mwishowe tulikusanya kila kitu haraka kwa sababu giza lilikuwa linaingia, tukafunga kufuli zote tatu, tukaenda.

Juma lililofuata tulifungua sanduku. Kitabu cha mama wa makala kilipofika mkononi mwa mama mwandishi, alinyamaza. Kwenye mstari wa juma lililopita kulikuwa na nyota moja, na katika vile viboksi vinne vilivyokatwa kulikuwa na alama nne za buluu. Hazikuwa nyota. Zilikuwa nukta ndogo ndogo, zimejaa ndani ya kila kiboksi mpaka kupita kingo zake.

Wamama, tuwaambie ukweli: hatukuuliza. Tulisema. Mmoja alisema mtu anaweza kuchonga muhuri kwa kipande cha muhogo. Mwingine alikumbusha kwamba mama wa makala alikishika kitabu chake mwenyewe ili kukagua. Mwingine akasema umaskini unafundisha watu mengi. Mama wa makala alisema: «Sijui alama hizi. Mungu anajua.» Tulimwambia Mungu hashiki ufunguo wa sanduku letu. Neno hilo mpaka leo linatuchoma. Tulimtoza amande ya franka 5000. Aliilipa palepale, tukaona mkono wake unatetemeka. Akachukua kitambaa chake, akaondoka kabla ya sala ya kufunga.

Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza: mwizi gani anapiga muhuri juu ya kiboksi kilichokwisha kukatwa? Ushahidi wa kumtetea ulikuwa mbele ya macho yetu. Lakini tulikuwa tumekwisha kuamua.

Siku ya tatu baadaye, mama mwandishi alikuwa nyumbani anafua. Katika mfuko wa kaptula ya mtoto wake wa miaka sita akakuta tofali la njano. Katikati ya nukta zake kulikuwa na wino mkavu wa buluu. Alimwita mtoto.

«Papa, wino hii uliitoa wapi?»

«Ni ya AVEC.»

«Ukaifanyia nini?»

«Nilimpa mama wa makala. Yeye alikuwa na moja, wengine watano. Nikamwongezea nne.»

Mama mwandishi anasema alikaa chini pale pale kwenye maji ya sabuni. Yeye ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote siku ile. Na kosa lilitoka nyumbani kwake, tena kwa mtoto aliyefikiri anatenda wema. Tangu amesikia «Leo moja tu?», mtoto yule alitaka kumsaidia mwenzetu. Sisi wakubwa tulisikia neno hilo hilo, na juma moja baadaye likatusaidia kumhukumu.

Jioni ile tulikwenda kwa mama wa makala, sote kumi na wanane, tukapanga mstari kwenye njia yake ya mlimani kama watu wanaokwenda kwenye kilio. Tulimrudishia franka 5000. Mama mwandishi alipiga magoti. Mtoto alikuwa pamoja nasi, na tofali lake mkononi.

Mama wa makala alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: «Pesa mmenirudishia. Ile siku ya posho hamwezi kunirudishia.» Hatukuwa na la kujibu. Alimpa mtoto kiti, sisi akatuacha tumesimama.

Kwa majuma mawili hakuja kikaoni. Tuliandika pembeni ya zile alama nne, katika kitabu chake: «Hizi si hisa. Ni mchezo wa mtoto. Mama hana kosa, kosa ni letu.» Kila mmoja alitia sahihi yake au kidole gumba, ukurasa ukajaa. Wengine walipendekeza tumhesabie zile hisa nne kama malipo ya aibu. Tulipomfikishia habari, alikataa. «Hisa ni ya aliyeweka pesa,» alisema. «Mkinipa bure, kesho mtasema tena.» Tulimwelewa.

Juma la tatu alirudi. Alikuja na mfuko kichwani, akautua mbele ya watoto, si mbele yetu. Ndani yake kulikuwa na vumbi la makala, lile linalobaki chini ya gunia na ambalo hakuna anayelinunua. «Wino wa kwenu,» aliwaambia. «Ule wa buluu muwaachie mama zenu.»

Tangu siku ile watoto wana mkeka wao, na tunaona ni vema kuwaeleza jinsi tunavyofanya, kwa sababu ni kazi rahisi na karibu kila kitu kipo nyumbani.

Kwanza wino. Vumbi la makala tunalisaga na kulichekecha kwa kitambaa cha zamani. Tunapika uji mwepesi wa unga wa muhogo, unapoe kabisa, kisha tunachanganya mpaka uwe mzito kama maziwa yaliyoganda. Tunaongeza sabuni kidogo ili nguo zifulike baadaye. Anayetaka rangi nyekundu achukue udongo mwekundu wa mlimani, aufanye vilevile. Mawese msitumie: hayakauki, na doa lake mnalijua.

Pili, tampo. Kipande cha musi ya godoro ndani ya sahani, mimina wino juu yake, uache unywe. Mtoto akigusa tofali pale, nukta zinapata wino wa kutosha na nafasi zilizo katikati zinabaki safi. Akilizamisha ndani ya wino wenyewe, itatoka doa tu.

Tatu, karatasi. Sisi tunatumia nyuma ya kalenda zilizokwisha na majalada ya kaye za zamani. Plastiki ni ngumu, na meza pia ni ngumu, kwa hiyo chini ya karatasi tunaweka kitambaa kilichokunjwa. Hiyo ndiyo siri kubwa. Bila kitambaa, nukta tatu zinatoka na tano zinakataa. Kandamiza wima, hesabu mpaka tatu, inua wima. Usisugue.

Kutoka hapo wawaache watoto. Tofali la nukta nane likirudiwa pembeni ya karatasi linakuwa upindo kama wa kitenge. Tofali la nukta nne likiegemezwa linakuwa petali la ua. Upande wa ubavu, ambao hauna kitu, unatoa mstari mnene wa paa la nyumba. Na hapa uchache wa matofali yetu hauna shida tena. Kwa kujenga, 31 ni umaskini. Kwa kuchapa, tofali moja linatosha kujaza kalenda ya mwaka mzima, na watoto kumi wanaweza kuwa na matatu kila mmoja. Kijana mmoja wa jirani alitueleza kwamba huko Hilversum, Uholanzi, wasanii wawili, Roy Scholten na Martijn van der Blom, wanachapa picha za ndege kwa matofali ya LEGO, na watu wazima wanazitundika ukutani. Watoto wetu nao wakajaribu ndege wa ziwani. Alifanana zaidi na bata aliyekanyagwa, lakini ametundikwa.

Kilichotushangaza zaidi ni herufi. Wakubwa kidogo walipanga neno MAMA juu ya kibao, wakayashika matofali kwa gundi ya muhogo. Herufi nne zilimaliza karibu matofali yote. Wakapaka wino juu, wakalaza karatasi, wakasugua mgongo wake kwa kijiko. Walipoifunua, ilisomeka AMAM. Kila herufi ilikuwa nzima, lakini neno lilikuwa limegeuka. Walibishana nani amelaaniwa. Kisha msichana yule wa tope akaweka karatasi mbele ya dirisha, akaitazama kwa nyuma, akaona MAMA. Akaelewa mwenyewe kwamba muhuri unasema kinyume, na anayetaka neno lisomeke lazima alipange kuanzia kulia. M, A, O, T na U hazibadiliki sura zikigeuka. L, N, S na E zinabadilika, kwa hiyo hizo zinahitaji kupangwa kinyume. Mmoja wa watoto wetu, aliyekuwa akiandika b mahali pa d na kupigwa masomoni kwa sababu hiyo, sasa anasimama na kutazama herufi kabla ya kuiandika. Hatusemi amepona. Tunasema anatazama.

Na AVEC yao? Inaendelea, lakini ina sheria mpya. Mama wa makala ndiye aliyeiweka. Kila muhuri unatanguliwa na jiwe: ukitumbukiza jiwe moja ndani ya kopo, unapata nukta nane. Bila jiwe hakuna muhuri. Alimweleza yule mtoto wa mama mwandishi hivi: «Moyo wako ulikuwa mzuri, papa. Lakini muhuri ni neno. Ukipiga muhuri mahali pasipo na jiwe, umesema neno lisilo la kweli, na mtu mwingine ndiye atakayelilipa.» Mtoto alimwuliza: «Kwa hiyo nikitaka kukusaidia nifanye nini?» Akamjibu: «Nibebee kigunia kidogo mpaka barabarani.» Sasa anambebea.

Si kila kitu ni kizuri. Mmoja wetu bado anasema tunapoteza sabuni, na siku za mvua ana haki. Tena muwe macho na wadogo walio chini ya miaka mitatu: tofali dogo linaingia mdomoni na kuziba pumzi. Sisi tunayahesabu mwisho wa kila kikao, 31, kama tunavyohesabu pesa. Juma lililopita yalikuwa 30. Safari hii hatukusema neno. Tuliuliza kwanza. Lilikuwa chini ya mguu wa mama prezidenti.

Wamama wenzetu, katika vikundi vyenu kuna wino na kuna watoto. Fungeni kibati cha wino mara tu muhuri wa mwisho unapopigwa. Wapeni watoto wino wao na mkeka wao, maana wataiga tu, hata mkiwafukuza. Na siku mtakapokuta alama msiyoielewa katika kitabu cha mwenzenu, kabla ya kufungua mdomo, inameni kwanza mtazame alama yenyewe. Kisha muulize, na watoto pia wapate kuulizwa.

Kitabu cha mama wa makala kinakaribia kujaa. Zile alama nne bado zipo na hazifutiki. Kila siku ya posho mama mwandishi anazipita akifungua ukurasa, na kila mara anapunguza mwendo kidogo.